Virusi vya Korona na Saratani Sugu ya Damu

Mlandege, mwendo mfupi kutoka Darajani, maduka yamebanana na wapita njia hupigana vikumbo. Mtu mwenye saratani sugu ya damu aweza kuwamo katika umati huo asitambulikane. Amekwisha kumeza dawa zake asubuhi, amefungua duka, anauza kanga. Lakini tangu mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Zanzibar mwezi wa Machi 2020, mtu huyu analo swali zito kuliko la jirani zake: virusi hivyo vikimwingia, je, mwili wake una silaha za kupigana navyo?

Jibu lategemea aina ya saratani aliyo nayo. Wengi wetu husema "kansa ya damu" kana kwamba ni maradhi mamoja, na kosa hilo laweza kumdhuru mgonjwa.

Damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Humo huzaliwa chembe nyekundu, na chembe nyeupe ambazo ndizo askari wa mwili. Askari hao wana vikosi. Katika kikosi cha limfu zimo chembe zinazotengeneza kingamwili, yaani protini zinazovinata virusi na kuvizuia visipenye ndani ya chembe za mwili. Kikosi cha mieloidi kazi yake kubwa ni kumeza vijidudu, hasa bakteria.

Saratani sugu ikikipata kikosi cha limfu, chembe zake huongezeka polepole kwa miaka mingi. Mitoki huvimba shingoni, kwapani na kinenani, na bandama hukua. Wingi huo hauleti nguvu, kwani chembe hizo hazijui vita, nazo huwasonga askari wazima. Kingamwili hupungua hata kabla mgonjwa hajaanza matibabu. Baadhi ya dawa, kama rituksimabu, huzidisha upungufu huo, maana huangamiza chembe mbovu na nzima pamoja.

Mfano mmoja umewashangaza wataalamu. Mwaka 2020, katika jimbo la Washington, Marekani, mwanamke wa miaka 71 aliyekuwa na saratani hiyo kwa muda wa miaka kumi aligunduliwa kuwa na virusi vya korona. Hakukohoa wala hakupata homa. Hata hivyo, siku 70 baada ya kipimo cha kwanza bado alikuwa akitoa virusi hai, na dalili za virusi zilionekana katika vipimo hadi siku ya 105. Mtu mzima wa afya, kwa kawaida, huacha kutoa virusi hai baada ya siku kumi hivi. Wengine hawakuwa na bahati ya mama huyo: katika uchunguzi wa wagonjwa 198 wa aina hii uliochapishwa mwaka huo huo, wengi wao wakiwa wamelazwa hospitali, thuluthi moja walifariki.

Chanjo nayo hutegemea kikosi hicho hicho kilichodhoofika. Huko Israeli, mwaka 2021, wagonjwa 167 walichanjwa dozi mbili. Wanne tu katika kila kumi walipata kingamwili. Miongoni mwa waliokuwa wakiendelea na matibabu, idadi ilishuka hadi 16 katika kila 100. Watu wa afya wa umri wao walipata wote. Hata hivyo, zimo chembe nyingine za limfu, ziitwazo T, ambazo zaweza kujifunza adui bila msaada wa kingamwili. Ndiyo maana wagonjwa hawa hupewa dozi za nyongeza, nao walio nyumbani mwao huhimizwa kuchanjwa.

Saratani sugu ya mieloidi ina habari nyingine. Chanzo chake ni kubadilishana vipande kati ya kromosomu ya 9 na ya 22. Kromosomu fupi itokanayo na mabadiliko hayo ilionekana mara ya kwanza mjini Philadelphia mwaka 1960. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha vidonge vya imatinibu vinavyoizuia protini mbaya itokanayo na kasoro hiyo. Mgonjwa anayevimeza barabara, na ugonjwa wake ukatulia, huwa na kinga inayokaribia ya mtu mzima, na chanjo kwa kawaida humfaa. Kwake yeye hofu ya korona yaweza kudhuru kuliko korona yenyewe. Akiogopa msongamano wa boti ya kwenda kliniki Dar es Salaam, vidonge vikamwishia, chembe mbovu huanza tena kuongezeka. Heri avae barakoa, asafiri.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini virusi vingalipo. Mgonjwa wa aina yoyote kati ya hizi mbili akipata homa au kikohozi apimwe mapema, naye aende na pakiti za dawa zake zote. Ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya matibabu ya korona, huzuia ini lisivunje dawa nyingine. Mwenye kutumia ibrutinibu, kwa mfano, akipewa ritonaviri bila daktari kujua, dawa hiyo hurundikana katika damu yake hadi kuwa sumu.