Je, Wajua? Nunua Wati, Si Stika

Je, wajua kwamba Mikumi neno "gemu" lilikuwa na wenyewe kabla kompyuta haijafika? Askari wa gemu, yaani wa wanyamapori, alikuwa mtu wa kuogopwa na kila aliyeweka mtego porini, na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi yenyewe ilianzishwa mwaka 1964. Leo kijana wa Mikumi au Kilosa akisema anatafuta mashine ya gemu, anataka kompyuta mpakato yenye kadi ya picha, na mara nyingi hela aliyonayo ni ya mtumba.

Je, wajua kwamba taa nyekundu za kibodi hazichezi gemu? Stika nayo haichezi. Muuzaji wa Kariakoo akikwambia "hii i7, inacheza kila kitu," mshukuru, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, usome jina la kadi kwenye kurasa za Display na Render. Ukikuta Intel peke yake, ujue umeshika mashine iliyostaafu ofisini. Si mbaya kwa barua na hesabu za duka, lakini bei ya gemu usiilipie.

Je, wajua kwamba kadi mbili zenye jina lilelile zinaweza kupishana nguvu kama baba na mwana? Hapa ndipo wengi wanapopigwa, tena bila mtu kuwadanganya. Chukua RTX 3050 ya kompyuta mpakato, iliyotoka mwaka 2021. Nvidia iliwaachia watengenezaji waipe umeme wa kuanzia wati 35 hadi 80, kila mmoja kwa kadiri mashine yake inavyoweza kujipoza. Jina ni moja, bei zinakaribiana, lakini moja inapanda mlima Kitonga na mzigo wake na nyingine imebanwa koo hata kabla ya kona ya kwanza. Ndiyo maana mimi huanza kwa kusoma chaja. Geuza lile tofali jeusi usome wati: mashine ya gemu ya kawaida huja na chaja ya wati 135, 150, 180 au zaidi. Ukipewa ya wati 65, ama kadi iliyomo ni dhaifu, ama chaja yenyewe imebaki kwa mwenye mali wa kwanza. Na kama unaishi kijijini kwenye paneli moja ya sola ya wati 100, hesabu umeshaijua.

Je, wajua kuhusu mashine za wahandisi? HP ZBook na Dell Precision zilitengenezwa kwa wachoraji wa ramani na majengo, na huuzwa mtumba bila makelele kwa sababu hazina taa wala sura ya kutisha. Ndani nyingi zina kadi za Quadro. Quadro P1000, kwa mfano, imetokana na chipu ya ukoo mmoja na ile ya GTX 1050 iliyochezesha gemu nusu ya dunia. Ni nzito, mkoba utalalamika. Kwa bajeti ndogo mimi ningeanzia hapo.

Je, wajua kwamba RAM mbili za GB 4 mara nyingi huchezesha gemu vizuri kuliko moja ya GB 8? Zikiwa mbili, data hupita njia mbili kwa wakati mmoja. Mashine isiyo na kadi yake, inayoazima kumbukumbu ya RAM kuchora picha, ndiyo inayofaidika zaidi.

SSD nayo haiongezi kasi ya picha. Inachofanya ni kuwahisha gemu kufunguka, na kwa kuwa haina sahani inayozunguka ndani, haiogopi mitikisiko ya bodaboda.

Je, wajua kwamba kompyuta ikizidiwa na joto haizimi kwanza, bali hujipunguzia mwendo? Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajibana yenyewe, na wewe unaona wachezaji wako wanakimbia kama waliokula ugali wa shughuli. Kilosa mwezi wa Novemba, chumba cha bati, mashine imewekwa juu ya godoro linaloziba matundu ya chini: hiyo si gemu, hiyo ni jiko la mkaa. Dawa ya kwanza ni bure. Weka mezani, kisha panga vizibo viwili vya soda chini ya kona za nyuma ili feni ivute hewa. Dawa ya pili ni fundi wa kuifungua, kupuliza vumbi na kubadili ile pesti iliyokauka juu ya prosesa. Akikutolea na sisimizi usishangae, nao wanapenda pa joto.

Je, wajua kwamba kupakua gemu ndiko kunakomaliza bando, siyo kulicheza? GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015 ilihitaji zaidi ya GB 60 za nafasi. Epic Games walipoigawa bure Mei 2020, wenye bando la wiki walibaki kuitazama kwa macho. Kumbe kucheza na wenzako mtandaoni kwa kawaida hakuli hata MB 200 kwa saa. Tatizo linalobaki ni umbali: seva za Counter-Strike za barani kwetu ziko Johannesburg, na risasi yako ina safari ndefu kabla ya kumfikia adui.

Je, wajua kwamba lipo gemu la malori, na kwamba ni jepesi kuliko mengi? Euro Truck Simulator 2 lilitoka Oktoba 2012, kazi ya SCS Software ya Prague. Unabeba mzigo, unajaza mafuta, unalala ukichoka, unapigwa faini ukikimbiza. Ukivuka kuingia Uingereza unashika kushoto, kama huku kwetu. Sasa fikiria kijana wa Mikumi anayelicheza kwenye kompyuta yake ya mtumba huku nje ya dirisha malori ya kweli ya Zambia na Kongo yanapita usiku kucha. Barabara ya Tanzam inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, ina matuta na vibao vya mwendo, na dereva anayegonga mnyama hulipa faini kwa aina ya mnyama. Wacheki wa SCS hawakuwahi kuweka tembo barabarani. Mimi ningewashauri.

Je, wajua kwamba Sylvia Gathoni wa Kenya, ajulikanaye kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018 kwa kucheza Tekken, gemu la kupigana? Tekken 7 inachezeka kwenye GTX 1650, kadi ambayo leo ni ya mtumba.

Je, wajua gemu linakula shilingi ngapi kwenye LUKU? Mashine inayovuta wati 150, saa 3 kila siku, inatumia uniti 13.5 kwa mwezi. Aliye kwenye kundi la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, kwa shilingi 100 kila uniti kabla ya kodi na tozo, ni shilingi 1,350. Aliye kwenye kundi la shilingi 292 kwa uniti ni 3,942. Kodi ya jengo la kawaida inayokatwa humohumo kwenye LUKU ni 1,500 kwa mwezi, kwa hiyo mama akigomba kuhusu umeme, mwoneshe hesabu kwa adabu.

Je, wajua kwamba reli ya zamani inayotoka Kilosa kupitia Mikumi inaishia Kidatu, kwenye bwawa la kufua umeme la megawati 204? Kwa wati 150 kila moja, hizo ni mashine zaidi ya 1,300,000 zikicheza kwa pamoja. Lakini betri ya mashine yako ina kama Wh 50 tu. Umeme ukikatika katikati ya mechi, skrini itafifia, kadi itapunguza nguvu yenyewe, nawe utakuwa na nusu saa hivi. Hifadhi mchezo kwanza, halafu ndiyo ukatafute mshumaa.