Koti linapovuja, joto la mwili nalo linatoroka

Kila msimu wa mvua hapa Songea, wazazi huniuliza swali moja: "Daktari, mtoto wangu amenyeshewa, je, atapata nimonia?" Jibu ni kwamba nimonia huletwa na vimelea, yaani bakteria na virusi. Mvua peke yake haiwezi kuileta. Lakini kuna jambo jingine la kuuliza, nalo ni la haraka zaidi: mtoto huyo amekaa na nguo mbichi kwa muda gani?

Maji huchukua joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa tulivu. Wanaolijua hili vizuri ni wazamiaji wa bahari za baridi, kama zile za Norway. Huvaa suti isiyopitisha maji, na ndani yake nguo nene. Watu wengi hudhani suti ndiyo inayotia joto. Sivyo. Kinachomhifadhi mzamiaji ni hewa iliyonaswa kwenye zile nguo za ndani, kama inavyonaswa kwenye blanketi au sweta lako. Suti ikitoboka shingoni, kwenye kifundo cha mkono au kwenye zipu, maji huingia, hewa hutoka, na nguo nene huwa mzigo wa baridi. Kwa hiyo mzamiaji makini akihisi maji yanaingia hukatisha shughuli na kupanda juu kwa utaratibu, angali vidole vyake vinamtii.

Kwetu inatokea wapi?

Dereva wa bodaboda anayetoka Mbinga kuja Songea huvaa koti la mvua juu ya sweta. Koti likiwa limeachia mshono begani, sweta hulowa polepole. Kwa kuwa amevaa koti, hujiona yuko salama na huendelea na safari, huku upepo wa pikipiki ukimaliza joto lililobaki. Mwanafunzi aliyelowa asubuhi naye huketi darasani na sweta hilo hilo hadi mchana.

Wavuvi wa Ziwa Nyasa, kuanzia Mbamba Bay hadi Liuli, wana hatari yao. Miezi ya Juni hadi Agosti maji ya juu ya ziwa hupoa hadi karibu nyuzi joto 23. Kwa kuoga utayaona ya kawaida. Lakini mwili wako una nyuzi 37, na mtu aliyelowa usiku kucha ndani ya mtumbwi, kwenye upepo, hupoteza joto saa baada ya saa.

Dalili za kuangalia

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hali hiyo huitwa haipothemia. Mwanzoni mtu hutetemeka sana, vidole hufa ganzi na hushindwa hata kufungua kifungo. Kisha maneno huanza kumkwama, hujikwaa, husinzia au hufanya mambo yasiyoeleweka. Wengine humdhania amelewa.

Dalili inayodanganya wengi ni kutetemeka kukoma. Ndugu husema, "Sasa amepata nafuu." Kama bado ana baridi na anasinzia, huenda mwili umeishiwa nguvu za kujipasha joto. Hapo ni dharura, na moyo wake unaweza kupoteza mapigo ya kawaida.

Fanya hivi

Mtoe kwenye mvua na upepo. Mvue nguo zote zilizolowa, hata za ndani, mkaushe, kisha mfunike kwa nguo kavu na blanketi pamoja na kichwa. Kumfunika blanketi juu ya nguo mbichi hakusaidii sana. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe chai ya moto kiasi yenye sukari, au uji.

Usimpe pombe. Humfanya ajihisi ana joto kwa sababu hupanua mishipa ya ngozi, na kwa njia hiyo hiyo joto la ndani hutoka zaidi. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Na tafadhali, usimfungie chumbani na jiko la mkaa. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo inaweza kuua familia nzima usingizini.

Mtu anayesinzia, aliyechanganyikiwa au aliyeacha kutetemeka bila kupata joto, mlaze, mfunike na mpelekeni kituo cha afya mara moja. Asitembezwe.

Mtoto mchanga

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko sisi, na hawezi kutetemeka vizuri kama mtu mzima. Joto lake linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Baada ya kuzaliwa akaushwe mara moja na alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe wote wawili. Kumwogesha kusubiri angalau saa 24. Nepi na shuka zilizolowa zibadilishwe bila kuchelewa. Akiwa wa baridi kifuani, amelegea au ananyonya kwa unyonge, mwahini hospitali akiwa kifuani kwa mama.

Kagua koti kabla ya safari

Wazamiaji hutafuta tundu la suti kwa kuijaza hewa na kuipaka maji ya sabuni. Povu linapochomoza, ndipo penye tundu. Ni kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha kwa kuzamisha mpira kwenye karai. Koti la mvua ni rahisi zaidi: ingia chumba chenye giza, washa tochi ndani ya koti, na utazame mishono ya mabega, kwapa na pembeni mwa zipu. Mwanga unapopenya, maji nayo yatapita.

Kisha weka sweta na soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwenye begi la shule au chini ya kiti cha pikipiki. Ukihisi ubaridi wa maji mgongoni, simama penye paa ubadilishe nguo mapema, kabla vidole havijashindwa kufungua zipu.