Fahamu: Ishara ya mtu maarufu ni msimamo au maigizo?

Agosti 21, 2016, Rio de Janeiro. Feyisa Lilesa wa Ethiopia anamaliza marathoni ya Olimpiki akiwa wa pili, nyuma ya Mkenya Eliud Kipchoge. Anainua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa: ishara ya waandamanaji wa jamii ya Oromo waliokuwa wakiuawa nyumbani kwao.

Yalikuwa maigizo?
Tazama gharama. Feyisa aliishi uhamishoni Marekani hadi Oktoba 2018. Tazama pia chimbuko: ishara hakuibuni yeye, aliitoa mitaani akaipeleka mbele ya kamera.

Ilibadili nini?
Peke yake, kidogo. Waziri Mkuu Hailemariam Desalegn alijiuzulu Februari 2018 kwa shinikizo la maandamano ya miaka kadhaa. Feyisa aliyapazia sauti.

Lakini mtu maarufu avaaye beji bila kupoteza chochote, huenda anajipamba tu.