Lenzi za Zamani kwa Michoro Bapa: Kipimo Kwanza, Jina Baadaye

Mgodi wa dhahabu wa Sekenke, wilayani Iramba mkoani Singida, ulianza kuzalisha mwaka 1909, enzi za Wajerumani. Dhahabu yake ndiyo iliyotumika Tabora mwaka 1916 kutengeneza sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeitenga koloni na Ujerumani. Mgodi wa umri huo huzaa karatasi nyingi: ramani za mashimo, michoro ya miamba, madaftari ya vipimo. Karatasi za namna hiyo hazijapitwa na wakati. Wachimbaji wadogo bado wako Sekenke, na shimo la kale lililojaa maji ni hatari kwa anayelitoboa akiwa chini bila kujua kwamba lipo.

Chukulia ramani ya mgodi yenye ukubwa wa A0, iliyochorwa kwa kipimo cha 1:500. Ukiipiga picha kwa lenzi inayopinda mistari kwa asilimia 1 tu, alama iliyo ukingoni itasogea karibu milimita 6 kwenye karatasi. Ardhini hizo ni mita 3. Picha itapendeza machoni, lakini shimo litakuwa limehamishwa. Ndiyo maana kunakili mchoro bapa, uwe ramani, hati au picha ya rangi, kunahitaji lenzi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Habari njema ni kwamba lenzi za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi karne iliyopita, na leo nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko lenzi mpya za daraja lake.

Lenzi nyingi za kamera husanifiwa kwa vitu vilivyo mbali na vyenye kina. Ukiupiga picha Mlima Sekenke kutoka barabara ya Singida–Nzega, hakuna atakayelalamika kwamba kona za picha zimefifia kidogo. Ramani haina mbele wala nyuma, na kona yake ina thamani sawa na katikati. Lenzi ambayo eneo lake la ukali limejipinda kama bakuli haiwezi kuisoma karatasi nzima kwa mara moja: ukilenga katikati kona zinapotea, ukilenga kona katikati panapotea.

Lenzi za zamani zilizotatua tatizo hili ni za makundi matatu. La kwanza ni lenzi za viwanda vya uchapaji, kama Apo-Ronar ya Rodenstock, Apo-Nikkor na Artar ya Goerz. Mchapaji wa picha za rangi alilazimika kupiga negativu kadhaa za picha ileile kupitia vichujio vya rangi tofauti, kisha kuzichapa moja juu ya nyingine. Kama lenzi ingeipa rangi nyekundu ukubwa tofauti na buluu, chapa zisingelingana. Kwa hiyo lenzi hizi zilisahihishwa ili rangi zote zitue mahali pamoja na kwa ukubwa uleule, na mistari ibaki imenyooka. Skana na kompyuta zilipochukua kazi hiyo, lenzi zikabaki makabatini.

Kundi la pili ni lenzi za mashine za kukuzia picha katika chumba cha giza, kama El-Nikkor, Rodagon na Componon-S. Mashine hiyo huweka negativu ndogo nyuma ya lenzi na karatasi kubwa mbele yake. Katika kunakili, sensa ya kamera inakaa mahali pa negativu na mchoro unakaa mahali pa karatasi. Mwanga umegeuza njia, lakini vipimo ni vilevile.

Kundi la tatu ni lenzi za kamera zilizoundwa kunakili hati. Micro-Nikkor ilizaliwa Japani mwaka 1956 kwa sababu herufi za Kijapani zenye mistari mingi zilikuwa zikibanana katika mikrofilamu. Sababu hiyo inatuhusu moja kwa moja. Katika hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nukta chache ndizo zinazotenganisha herufi moja na nyingine, na nukta iliyofifia hubadilisha usomaji.

Wanunuzi wengi huuliza ni jina gani kati ya haya lililo bora. Swali la kwanza liwe: mchoro wangu utapunguzwa mara ngapi hadi uenee kwenye sensa? Kila lenzi ya makundi haya ina uwiano ilioundiwa, na nje ya hapo ubora wake hushuka. Pima upande mfupi wa mchoro, ugawe kwa upande mfupi wa sensa. Kwa sensa ya milimita 24 kwa 36, ukurasa wa A4 hupunguzwa mara 9 hivi. Mchoro wa Tingatinga wa sentimita 60 kwa 60 hupunguzwa mara 25, ramani ya A0 mara 35. Sarafu ya Tabora, yenye kipenyo cha milimita 22 hivi, inaenea kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi.

Ukishapata namba hiyo, ongeza moja, kisha zidisha kwa urefu wa fokasi. Jibu ni umbali wa takriban kutoka kwenye lenzi hadi kwenye mchoro. Lenzi ya milimita 80 itaupiga ukurasa wa A4 kutoka sentimita 80. Lenzi ya milimita 50 itaipiga ramani ya A0 kutoka mita 1.8, umbali unaopatikana katika chumba cha kawaida. Lakini lenzi ya uchapaji ya milimita 240 itahitaji zaidi ya mita 8 kwa ramani hiyohiyo. Lenzi hiyo ni nzuri sana, ila iliundiwa kamera kubwa ya kiwandani na uwiano wa karibu na moja kwa moja (1:1).

Kwa hiyo, kurasa na picha za ukutani zipe lenzi ya kukuzia ya milimita 50 hadi 105, au Micro-Nikkor ya milimita 55. Kwa sarafu, stempu na vipande vidogo, tafuta iliyoundiwa uwiano wa moja kwa moja, kama Apo-Rodagon-D ya milimita 75. Hapo angalia pia tundu la lenzi. Katika uwiano wa moja kwa moja, f/9 hufanya kazi kama f/18, na tundu dogo kiasi hicho huanza kuutawanya mwanga na kula ukali. Lenzi ya uchapaji inayoanzia f/9 haikuachii nafasi. Kwa kurasa na picha za ukutani, ya kukuzia inayoanzia f/4 au f/5.6 utaifunga hadi f/8 na kupata ukali wake wote.

Kabla ya kulipa, washa tochi ya simu na uangaze lenzi kutoka nyuma. Nyuzinyuzi zinazotambaa ni ukungu, ugonjwa wa lenzi zilizokaa pwani. Madoa yenye rangi za upinde wa mvua ukingoni ni gundi iliyoachia kati ya vioo. Lenzi yenye mojawapo ya kasoro hizi iache. Vumbi kidogo, ambalo Singida huwezi kulikwepa, halina madhara. Kisha bandika ukurasa wa gazeti ukutani na uupige kwa uwiano wa kazi yako. Herufi za kona zote nne zisomeke kama za katikati.

Lenzi bora haitakusaidia kama kamera imeinama. Laza kioo bapa cha kujitazamia juu ya mchoro, tazama kupitia kamera, na urekebishe mwinamo wake hadi lenzi ijione yenyewe katikati ya picha. Weka taa mbili zinazofanana, moja kila upande, kwa nyuzi 45. Michoro ya Tingatinga iliyopakwa rangi ya mafuta inayong'aa huhitaji pia vichujio vya polaraizi kwenye taa na kwenye lenzi, ili mng'ao usifunike rangi.

Faida hii yote ni ya vitu bapa. Michoro ya mapangoni ya Kondoa, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko juu ya miamba yenye mabonde na matuta. Huko kinachohitajika ni kina cha ukali, na lenzi ya kawaida iliyofungwa vizuri inatosha.

Mwenye ramani ya mgodi, hati ya babu au mchoro wa ukutani asisubiri kamera ya bei kubwa. Achukue rula, apime upande mfupi, apate uwiano wake, ndipo aende kutafuta lenzi. Atanunua mara moja, na kila mstari utabaki pale mchoraji alipouweka.