Mgrevilea: Mgeni kutoka Australia aliyegeuka benki ya mkulima

UKIVUKA daraja la Rusumo kuingia Rwanda, au ukipita Kabanga kuelekea Burundi, kuna mti mmoja utakaouona karibu kila kilima. Shina lake limenyooka, majani yamechanika kama ya jimbi, na upepo ukivuma upande wake wa chini humeta kama fedha. Utaukuta pia katikati ya migomba na kahawa ya Kilimanjaro, na kwenye mipaka ya mashamba ya Murang'a, Kirinyaga na Embu nchini Kenya.

Wanyarwanda na Warundi huuita gereveriya, Wakikuyu mukima, na kwa Kiswahili wengi husema mgrevilea. Kwa kuwa tumezaliwa tukaukuta, ni rahisi kudhani ni mti wa kwetu.

Kwao hasa ni mashariki mwa Australia, kusini mwa Queensland na kaskazini mwa New South Wales, ambako huota kandokando ya mito na misituni hadi kufikia mita 30 na zaidi. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo walijua utamu wa maua ya miti ya jamii hii, wakanywa maji matamu yaliyomo. Walowezi wa Kizungu waliofika baadaye walitamani mbao zake zinazong'aa, wakazitengenezea samani na fremu za madirisha kwa kuwa haziozi upesi. Mahitaji yalikuwa makubwa hata ukataji ukawekewa mipaka.

Kwetu ulikuja kwa kazi ya kivuli. Katika karne ya 19 ulipelekwa Sri Lanka na India kuikinga chai na kahawa dhidi ya jua kali. Mwishoni mwa karne hiyo na mwanzoni mwa karne ya 20 ukaingia Afrika Mashariki kwa kazi hiyo hiyo. Wakulima wadogo nao wakauchukua, wakaupanda kwenye mipaka na kingo za matuta.

Walikuwa na sababu. Mizizi yake huenda chini sana, hivyo haugombani mno na mahindi au maharage. Huvumilia kupogolewa: matawi yakikatwa huchipua tena, na mkulima hupata kuni bila kuangusha mti. Majani yanayopukutika huwa matandazo ya shamba, na maua yake ya rangi ya chungwa huwavuta nyuki. Penye udongo mzuri na mvua ya kutosha, mche huweza kurefuka mita 2 kwa mwaka.

Ndiyo maana wengi huuhesabu kama akiba ya benki. Ada ya shule ikifika, au mgonjwa akilazwa, miti miwili mitatu huangushwa. Tatizo ni kwamba mwenye shida hana nguvu ya kupanga bei. Mti ulioachwa miaka 15 hadi 20 hutoa mbao, lakini wengi huuzwa ungali mwembamba kwa bei ya fito, na faida humwendea anayekuja na msumeno.

Mfanyabiashara wa mpakani naye ana ya kujifunza. Kenya ilipopiga marufuku uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii, Februari 2018, wanunuzi wa mbao waliyageukia mashamba ya watu. Amri za namna hiyo hubadilika, na kila nchi ina taratibu zake za kukata na kusafirisha. Tanzania, kwa mfano, mzigo wa mazao ya misitu hutakiwa kuwa na hati ya kusafirishia. Uliza ofisi ya misitu kabla ya kumlipa mkulima, si baada ya lori kuzuiwa kizuizini. Kumbuka pia kwamba mchwa huupenda mti huu, hivyo nguzo isiyotiwa dawa haidumu ardhini, na vumbi lake la msumeno huwawasha baadhi ya watu ngozi.

Kwa anayerejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi, jambo ni zito zaidi. Warundi waliokimbia mwaka 1972 na 1993, waliporudi baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, wengi walikuta mashamba yao yakilimwa na wengine. Serikali iliunda tume ya ardhi na mali mwaka 2006 kushughulikia migogoro hiyo. Katika kesi kama hizi mti huwa shahidi, maana aliyeupanda hudai ardhi ni yake, na mstari wa migrevilea husomwa kama mpaka.

Kwa hiyo usikimbilie kupanda kabla ya mpaka kukubaliwa mbele ya majirani na wazee, Burundi, bashingantahe. Ukishakubaliwa, usichelewe. Chukua miche kitaluni, kwa kuwa mche haustawi kirahisi chini ya mti mama. Panda mstari mmoja, ukiacha mita 2 na nusu hadi 3 kati ya mche na mche. Baada ya miaka michache utapata kuni za kupogoa. Mbao zitakuja wakati mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakapokuwa anatafuta ada ya chuo.