Kitabu Kile Kile, Mara Kumi

Daftari lililoshonwa kwa mkono halihukumiwi siku linapokamilika. Siku hiyo kila kitu kiko sawa: jalada limelala, pembe zimekaa, uzi umekaza, na aliyelitengeneza ana kila sababu ya kufurahi. Mwezi ukipita, jalada limeanza kubetuka kama kigae, fungu la kwanza linacheza, na ukilifungua mezani linajifunga lenyewe. Hakuna aliyeliharibu. Makosa hayo yalikuwemo tangu mwanzo, ila karatasi na gundi ni vitu vinavyosema taratibu. Hapo ndipo wengi wanaoanza kujalidi vitabu kwa kujifurahisha hupotea njia. Wakiona kasoro huamini kwamba mtindo ule ni wa kitoto, wakahamia mwingine wenye mapambo zaidi. Baada ya miaka miwili wana mitindo minane na makosa yale yale. Ninaloshauri ni kinyume chake. Anayetaka mkono wake ukomae na achague kitabu kimoja sahili, akitengeneze kwa vipimo vilevile mara kumi, akitumie kila kimoja, na asihamie kwingine mpaka vitabu hivyo vimwonyeshe alipokosea.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Neno kujalidi limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule unaozaa neno la ngozi, na jalada kwa asili ni ngozi iliyovikwa kitabu. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, mafundi wa karne ya 18 na ya 19 walisifika kwa kunakili misahafu, kwa kazi za ngozi na kwa kujalidi. Vitabu vya mapokeo ya Kiislamu hutambulikana mara nyingi kwa ulimi wa ngozi unaotoka kwenye jalada la nyuma na kukunjwa kufunika ukingo wa kurasa, na kwa jalada linalolingana na kurasa bila kuzizidi. Leo neno linalosikika zaidi ni kubaindi, na watu wakilitaja huwaza ile koili ya plastiki inayovikwa ripoti kwa dakika tano kwenye duka la steshenari. Koili ina kazi yake na sina ugomvi nayo. Lakini kitabu kilichoshonwa ni kitu kingine. Karatasi nne au tano hukunjwa pamoja katikati zikawa fungu moja; mafungu hushonwa kupitia mikunjo yake na kuunganishwa moja kwa jingine; ndipo mgongo hupakwa gundi na jalada likavikwa. Hatua ni chache. Ugumu ni kwamba kosa la hatua ya kwanza hujitokeza katika hatua ya mwisho, likiwa limevaa sura ya kosa jingine.

Chukua kosa linalowapata karibu wote wanaoanza, la mwelekeo wa karatasi. Karatasi ya kiwandani hutokana na rojo ya nyuzinyuzi za miti inayomwagwa juu ya wavu unaokimbia, na nyuzi nyingi hulala kuelekea upande unakokwenda wavu, kama magogo yanayoelea mtoni. Zikipata unyevu, nyuzi hizo hunenepa kuliko zinavyorefuka, kwa hiyo karatasi nzima hutanuka zaidi kwa kukata nyuzi kuliko kwa kuzifuata. Kitabu kikishonwa nyuzi zikiwa sambamba na mgongo, kurasa hupinda kwa upole na kulala. Zikikingama, kila ukurasa husimama kama ubao, na gundi ikifika mgongoni karatasi hufanya mawimbi, kwa sababu inataka kutanuka pale ilipobanwa. Sasa tazama mtego wenyewe. Karatasi ya A4 inayouzwa kwa rimu kwa kawaida ina nyuzi zinazofuata urefu wake, na ukiikunja katikati upate daftari la A5, mkunjo unakata nyuzi. Yaani anayeanza kwa karatasi iliyo karibu naye, na kwa ukubwa ulio rahisi kwake, ameanza na kosa tayari, wala hakuna ufundi wa sindano utakaoliondoa. Dawa ni kununua A3 yenye nyuzi za urefu na kuikata nusu. A4 zitakazopatikana zitakuwa na nyuzi zilizolala kwa upana, tayari kwa mkunjo. Kujaribu ni kazi ya sekunde chache: pinda karatasi kidogo bila kuivunja, kwanza huku kisha huku, na upande unaokubali kwa ulaini ndio unaofuata nyuzi. Kadibodi ya jalada nayo ina mwelekeo wake, na wengi hulikumbuka hilo baada ya jalada kubetuka.

Mtu aliyetengeneza kitabu kimoja cha kila mtindo hawezi kuligundua kosa hili mwenyewe. Anaona kitabu hakilali, na mbele yake kuna washukiwa watano: gundi, uzi, kadibodi, mzigo aliouweka juu, au saa alizokiacha kikauke. Aliyetengeneza vitabu vitano vinavyofanana, akabadili karatasi tu katika cha sita, ana ushahidi mkononi. Ndivyo ilivyo pia kwa mgongo unaovimba. Kila fungu huongeza uzi mmoja ndani ya mkunjo wake, na kwenye ukingo wa mbele hakuna uzi. Kwa mafungu 20 na uzi wa nusu milimita, mgongo unaweza kuuzidi ukingo kwa karibu sentimita nzima kabla ya kukandamizwa. Anayeanza hubana kwa nguvu zaidi, akaongeza matofali juu, na kitabu kikitolewa kinarudi umbo la kabari. Kosa halikuwa kwenye mzigo. Uzi ulikuwa mnene mno kwa mafungu membamba kiasi kile, na uamuzi huo ulifanyika kabla msharasi haujatoboa tundu la kwanza. Achague uzi mwembamba zaidi, au aongeze karatasi katika kila fungu ili mafungu yapungue, na uvimbe utapungua bila kubana chochote.

Je, mtindo sahili unastahili kurudiwa hivyo? Historia ya kazi hii inajibu vizuri. Injili ndogo ya Mtakatifu Cuthbert, yenye urefu wa milimita 138, ilitengenezwa kaskazini mwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 8, ikawekwa katika jeneza la mtakatifu huyo, ikapatikana humo mwaka 1104 huko Durham. Maktaba ya Uingereza iliinunua mwaka 2012 kwa pauni milioni 9, na bado imo katika jalada lake la awali la ngozi nyekundu. Mshono wake ni wa mnyororo: uzi hutoka kwenye tundu, hupita chini ya mshono wa fungu lililotangulia, kisha hurudi ndani. Ni jamii ya mshono uleule tunaouhusisha na Wakristo wa kale wa Misri, na katika vitabu vya Kiislamu pia mafungu hushonwa kwa mnyororo, mara nyingi kwenye vituo viwili tu. Hakuna kamba wala mashine. Ni uzi na sindano. Mshono ambao mtu hujifunza Jumamosi ya kwanza umekishikilia kitabu kwa miaka 1,300.

Ushahidi wa pili ulitoka majini. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika mjini Florence, na maji yenye tope na mafuta yakaingia katika Maktaba Kuu ya Taifa na kulowesha vitabu kwa malaki. Miongoni mwa mafundi waliokwenda kuokoa alikuwamo Mwingereza Christopher Clarkson. Aliona kwamba vitabu vya karne zilizopita vyenye jalada laini la ngozi isiyotiwa dawa ya kuilainisha, visivyo na ubao wala urembo na vyenye gundi kidogo au bila gundi kabisa, vilistahimili gharika kuliko vingi vilivyovikwa kwa fahari. Baadaye aliandika kitabu kidogo kuhusu mtindo huo tu. Havikuokolewa na dhahabu ya juu; viliokolewa na ushonaji na jinsi jalada lilivyofungwa kwenye mwili wa kitabu. Anayekitazama kitabu rafuni havioni vitu hivyo, na ndivyo vinavyochukua muda mrefu kuvipata mkononi.

Atakayepinga ana mifano yake, na ule wenye nguvu ni wa T. J. Cobden-Sanderson. Alikuwa wakili jijini London, akaanza kujifunza kujalidi mwaka 1883 akiwa amevuka miaka 40, na mwaka uliofuata tayari alikuwa na karakana yake. Majalada yake yenye nakshi za dhahabu yanahifadhiwa makumbushoni mpaka leo. Basi kwa nini wengine warudie daftari lisilo na pambo mara kumi? Jibu ni kwamba hakuanza na nakshi. Alikaa kwanza katika karakana ya Roger de Coverly akijifunza kazi nzima, na alikuwa na siku zake zote za kuitumikia. Na mwanafunzi wake Douglas Cockerell, alipotoa kitabu chake cha kufundishia mwaka 1901, alijaza kurasa nyingi kwa kukunja, kushona na kuvika kabla ya kufika kwenye dhahabu. Pambo juu ya mgongo mbovu hupasuka pamoja na mgongo.

Pingamizi jingine naliheshimu zaidi, kwa kuwa linahusu muda. Michael Faraday, kabla ya kujulikana kwa sayansi ya umeme, alikuwa mwanagenzi wa George Riebau, mjalidi na muuza vitabu wa London. Aliingia mwaka 1805 akiwa na miaka 14, na mkataba ulikuwa wa miaka 7. Mwanagenzi wa namna hiyo hupitisha mikononi mwake vitabu visivyohesabika, na bwana wake yuko hatua mbili kumsahihisha. Mwenye ajira anayeshona Jumamosi jioni atapata wapi wingi huo? Hataupata. Ndiyo maana kila kitabu chake lazima kimfunze zaidi, na hakiwezi kumfunza ikiwa kila mara amebadili ukubwa, karatasi, uzi na mtindo kwa pamoja. Video za intaneti zinasaidia kuonyesha njia ya sindano, na kwa hilo ni neema kubwa kwa mtu asiye na mwalimu jirani. Haziwezi kuonyesha uzi unavutwa kwa nguvu kiasi gani. Ukivutwa kidogo mno, fungu linacheza. Ukivutwa kuelekea nje badala ya kufuata mkunjo, unaikata karatasi kwenye tundu. Kipimo cha hapo kiko kwenye vidole, na vidole hukikumbuka vikikutana na karatasi ileile na uzi uleule tena na tena.

Wengine watasema vifaa havipatikani. Baadhi kweli ni adimu, hasa uzi wa kitani na kadibodi nzito ya wajalidi. Lakini msharasi anao fundi viatu, nta ya nyuki ya kupaka uzi ipo kwa warina asali, merikani ya kuimarisha mgongo inauzwa kwa yadi, ngozi nyembamba ya mbuzi inapatikana, na kitenge kikibandikwa karatasi nyepesi nyuma yake huwa kitambaa kizuri cha jalada. Linalonishughulisha mimi zaidi ni hali ya hewa. Maelekezo mengi yaliyochapishwa yametoka nchi za baridi. Yanaposema kitabu kikae chini ya mzigo usiku mmoja, mwandishi hakuwaza Mombasa wakati wa masika, ambapo gundi ya unga wa ngano inaweza kubaki na unyevu siku mbili na kualika ukungu, wala hakuwaza Dodoma wakati wa kiangazi, ambapo gundi ileile hukauka kwenye brashi. Gundi ya unga ina sifa yake: ukiilowesha inaachia, kwa hiyo kosa linarekebishika. Gundi nyeupe ya maseremala hukauka upesi na wadudu hawaipendi, ila ikishashika hairudi nyuma. Anayeishi pwani atalazimika kupima mwenyewe ipi aitie wapi, kwa kuwa mende wa nyumbani kwake hawamo katika kitabu cha mtu wa London.

Malalamiko kwamba kurudia kunachosha nayajibu kwa ufupi: vitabu kumi vinavyofanana kwa muundo si lazima vifanane kwa matumizi. Kimoja ni cha mapishi, kimoja cha mahesabu ya nyumbani, kimoja ni zawadi ya harusi, kingine cha mtoto kuchorea. Huyo mtoto ndiye mkaguzi bora kuliko wote, maana atakifungua mpaka majalada yagusane mgongoni. Kitu kimoja tu kisiachwe: kwenye ukurasa wa mwisho, kwa penseli, paandikwe tarehe, aina ya karatasi, unene wa uzi, idadi ya mafungu, gundi iliyotumika, saa za kukandamiza, na kilichobadilishwa tangu kitabu kilichopita. Miezi sita baadaye paongezwe mstari wa kilichotokea: jalada limebetuka kuelekea nje, maana kitambaa kilivuta kuliko karatasi ya ndani, au limebetuka kuelekea ndani, maana karatasi ya ndani ilipakwa maji mengi mno.

Na wakati wa kuhamia mtindo mwingine utajulikanaje? Dalili ninayoiamini ni ya mtu kukunja mafungu, kuyapanga mezani kabla hayajashonwa, na kuweza kusema kitabu hiki kitavimba wapi na jalada lake litavuta upande gani, kisha miezi sita baadaye akute alisema kweli. Hapo ajaribu mgongo wa mviringo, ambao hupigwa kwa nyundo polepole baada ya gundi ya kwanza, na ambao huuhitaji uvimbe uleule aliokuwa akipambana nao, kwa kiasi anachokijua sasa.