Mapigo yamerudi, nguvu je?

Vyumba vya juu vya moyo vikiacha kutetemeka, iwe kwa shoti ya umeme au kwa dawa, ECG inapendeza. Ila msuli wenyewe hubaki umelegea kwa siku au hata wiki kadhaa. Damu inasuasua humo, inaganda, na bonge likifika ubongoni ni kiharusi. Ndiyo maana dawa ya kuzuia damu kuganda huendelea angalau wiki 4. Usiiache eti "moyo umetulia".

Na dawa za mapigo zenyewe? Flekainidi huziba njia za sodiamu kwenye seli. Umeme unatulia, lakini kalsiamu inayoukaza msuli nayo hupungua, kwa hiyo moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri haupewi. Hapo mara nyingi huchaguliwa amiodaroni, japo (naiogopa kidogo) inaweza kudhuru tezi ya thairoidi na mapafu.